Kula Chochote Unachotaka

Yantai, 16 Septemba 1984

Shangazi yangu mpenzi,

Pokea salamu za Gailian, binti uliyemlea, ambaye sasa anaitwa mke wa mtu na kila akiitwa hivyo anageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Sisi wazima kabisa. Msalimie kaka Tiesuo na wifi, uwaambie lile blanketi jekundu walilotupa siku ya harusi ndilo tunalojifunika ingawa joto halijaisha. Mume wangu hataki liwekwe sandukuni.

Mume wangu. Nimeliandika neno hilo kwanza kwenye karatasi ya pembeni, nione linavyopendeza, ndipo nikaliandika hapa. Shangazi, sikujua mtu anaweza kuwa na furaha mpaka akaona haya mbele za watu. Shuhai akitoka kiwandani ananukia mapichi yaliyochemshwa kwenye sukari, mpaka kwenye nywele, nami husimama barazani nikijifanya napepea jiko ili niisikie harufu hiyo kabla hajafika. Chumba chetu ni kimoja na kidogo. Ukipanda kwenye kiti unaona bahari, kipande cha ukubwa wa leso, na kila jioni ananipandisha, ananishika kiuno nisianguke, halafu ananiuliza, "Leo ipo?" Namjibu ipo. Tunacheka kama wajinga.

Ananitania kwa ajili ya siki. Aliponiona naitia hata kwenye tambi zisizo na kitu, aliniuliza mbele ya majirani kama ameoa mke au pipa. Nikamwambia sisi watu wa Shanxi tukijikata kidole hutoka siki. Sasa wanawake wote wa baraza letu wananiita Bi Siki, na wakiona nimezidisha chumvi kwenye chakula wanauliza nilikuwa namwaza nani.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni tumbo lako. Siku ya harusi nilikuona umeshika hapa chini ya mbavu, ukageukia ukutani ili nisione. Niliona. Mtama ukishavunwa, nakuomba uende na kaka hospitali ya wilaya. Usiende kwa mzee wa mitishamba. Wewe ndiye mama niliyebaki naye. Furaha hii nitamwonyesha nani kama hupo?

Ni mimi binti yako mwenye bahati,
Gailian


Liujiagou, 20 Oktoba 1984

Gailian mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, maneno machache tu nikamwuliza Tiesuo. Ile sehemu ya kiti sikumwonyesha. Huku tuko salama. Mtama umeingia ghalani, kunazi zimeanikwa juu ya paa, na nguruwe ananenepa.

Hospitali tulikwenda. Walininywesha uji mweupe wa dawa, wakanipiga picha ya tumbo. Daktari ni kijana, si mtu wa huku. Aliitazama picha, kisha akamtazama Tiesuo. Nikamwuliza nijizuie nini: pilipili, siki, nyama ya kondoo, vitu vya baridi? Akaniambia, "Hakuna, mama. Rudi nyumbani, ule chochote unachotaka."

Maisha yangu yote sijaona daktari asiyekataza kitu. Mzee wa mitishamba, hata ukimpelekea mafua, anakukataza nusu ya jiko. Mama yako naye, mwaka ule, aliporudi kutoka hospitali. Basi, tuyaache hayo.

Tulirudi nyumbani na Tiesuo. Tulipofika sokoni akaninunulia mkate wa ufuta bila mimi kuuomba. Unamjua kaka yako alivyo mzito wa mkono kutoa pesa.

Mpende mumeo. Usimchoshe kwa kicheko.

Shangazi yako


Yantai, 18 Novemba 1984

Shangazi yangu mpenzi kuliko wote,

Salamu kutoka kwangu na kwa mkwe wako, ambaye ameketi hapa anamenya karanga na kunipokonya kalamu. Tumezima baridi ya Novemba kwa kulala mapema. Usicheke. Wasalimie wote, hata nguruwe.

Habari ya daktari imetufurahisha kupita kiasi. Nilimsomea Shuhai juu juu, akafurahi kwa kuwa nimefurahi. Hukatazwi kitu! Ingekuwa mimi ningeanza na nyama ya kondoo. Kwa ajili hiyo tumekutumia sanduku. Humo mna samaki wakavu, sukari nyeupe, na chupa za mapichi ambazo Shuhai amezichagua mwenyewe pale kiwandani, moja moja kwenye mwanga wa dirisha, asipate yenye pande lililovunjika. Msimamizi alimwuliza anampelekea mchumba gani. Akasema mama mkwe. Shangazi, nililia. Ule, tafadhali. Ukimaliza tutatuma mengine.

Na sasa nikupe habari yenyewe. Nilitaka kuiweka mwanzoni, mkono ukaona haya. Nina mimba. Mtoto atazaliwa mwanzoni mwa Juni. Shuhai alipoambiwa alitoka nje, akasimama barazani kwenye upepo bila koti, jirani akamwuliza amepoteza nini. Kila chakula kinanichefua isipokuwa chenye siki, na wanawake wa hapa wanasema dalili hiyo ni ya mtoto wa kiume. Nikawaambia ingekuwa hivyo, huko kwetu kusingezaliwa msichana.

Mkono wa Shuhai uko tumboni mwangu ninapoandika mstari huu, ndiyo maana umepinda.

Wako mwenye furaha mbili,
Gailian


Liujiagou, 29 Desemba 1984

Gailian mwanangu,

Tumeshukuru wote. Theluji imeanguka, njia ya juu imefungwa, lakini mtu wa posta alifika. Wifi yako anakusalimu, anasema usinyanyue ndoo.

Sanduku limekuja zima. Samaki nimewagawia majirani. Chupa za mapichi nimezipanga dirishani, sijazifungua. Jirani yetu Mama Hou aliingia, akaziona, akashusha sauti. Akaniuliza kama nalala vizuri, kama nina maumivu usiku. Hapa kijijini mara ya mwisho mapichi ya chupa yaliletwa kwa Mzee Kou alipokuwa kitandani, na unajua aliondoka kabla hajayamaliza. Sikulaumu. Mumeo ana moyo mzuri.

Kila mtu amekuwa na moyo mzuri. Tiesuo anachota maji kabla sijaamka. Wifi yako, ambaye tangu aolewe hajawahi kukosa la kunijibu, juzi nilimwambia supu yake ni maji ya kuoshea vyombo, akasema, "Kweli Shangazi, nitapika nyingine." Nilikaa nikamtazama. Nilitamani anitukane.

Nguruwe tumemuuza. Masika sitanunua mwingine. Kuku nimempa Mama Hou.

Viatu vya mtoto, vile vyenye uso wa chui, nimeshaanza kuvishona. Navishona sasa, sitaki kungoja joto. Kama mna picha yenu ya harusi, tumeni mapema.

Sasa nakuuliza, nijibu kama mtu mzima. Tiesuo amekuandikia nini kuhusu mimi?

Shangazi yako


Yantai, 3 Machi 1985

Shangazi mpenzi,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya ingawa zimechelewa. Nisamehe kwa ukimya huu. Nilishikwa na mafua mabaya, yakanilaza, nikashindwa hata kushika kalamu. Sasa sijambo. Shuhai hajambo. Picha ya harusi imo humu. Mimi ndiye niliyefumba macho.

Kaka hajaniandikia kitu juu yako, naapa. Nilishangaa kwa nini unauliza. Nilipokuwa nimelala, Shuhai aliomba nimsomee barua zako zote ili nichangamke, tangu ya kwanza. Nilipofika pale kwa daktari akaniambia, "Hebu rudia hapo." Nikarudia. Akaweka chini bakuli alilokuwa nalo, akasema, "Gailian, hayo maneno huambiwa mtu ambaye hawana tena la kumfanyia. Na sisi tukaenda kumtumia mapichi ya mgonjwa."

Shangazi, nilihisi nimemwagiwa maji. Mama alipougua nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni kwamba masika yale nyumbani kulikuwa na sukari nyeupe na mayai, nami nilidhani tumetajirika. Sikujua kwa nini. Ulipoyaandika maneno ya daktari niliyachukua kama yalivyo, kwa kuwa nilikuwa na furaha na nilisikia furaha tu.

Nilimwandikia kaka papo hapo, akarudi hospitali. Amenijibu. Daktari alishangaa mpaka akacheka, kisha akaona aibu. Yeye kwao ni mjini, walimu wake walimfundisha kwamba miiko ya vyakula inawadhoofisha watu bure. Tumbo lako limechubuka kidogo kwa kula haraka na kushinda njaa. Hakukukataza kitu kwa sababu hakuna cha kukukataza. Alimtazama Tiesuo kwa kuwa hakuelewa lafudhi yako, alitaka atafsiriwe. Na kaka alikununulia mkate kwa sababu alikuwa amefurahi. Wote wanakubembeleza kwa sababu wamekuona unakonda na hawajui wafanye nini.

Huu ndio ukweli wote. Hakuna kingine ninachokuficha. Kula, Shangazi yangu. Kila kitu kitakuwa sawa, utaona.

Binti yako,
Gailian


Liujiagou, 24 Machi 1985

Gailian mwanangu,

Nashukuru kusikia mafua yamekuachia. Picha nimeiweka karibu na mto. Umependeza hata ukiwa umefumba macho. Huku theluji imeyeyuka na watu wako mashambani. Mimi nakaa kitandani, pana joto.

Barua yako ni nzuri. Nimeisoma polepole, na kila neno nalijua lilikotoka.

Mama yako aliponiuliza ana nini, mimi ndiye niliyemjibu. Baba yako alishindwa, alitoka nje. Nilimtazama wifi yangu machoni nikacheka. Nilimwambia tumbo limechubuka, Cuimei, kwa sababu unakula haraka kama mtu anayefukuzwa. Nilimwambia daktari ni mtu wa mjini, hajui miiko yetu. Tulimficha hata kifo cha ng'ombe. Wewe tulikuambia umwimbie mama yako. Alikula yale mayai mbele yetu ili tufurahi, na sijui mpaka leo kama alituamini. Kwa hiyo usinifundishe, mwanangu. Maneno hayo niliyasema kabla yako, na niliyasema vizuri kuliko wewe.

Sikukasirikii. Mmefanya inavyopasa watoto kufanya. Tiesuo tangu utotoni hajui kudanganya, masikio yake huwa mekundu, lakini aliporudi kutoka hospitali masikio yalikuwa meupe kabisa. Nikajua mmemwelekeza.

Na jambo jingine. Katika barua nzima hukuandika neno moja juu ya mtoto. Wewe, ambaye uliniandikia hata mkono wa mumeo ulipokuwa. Nimeelewa. Hukutaka nianze kuhesabu kuelekea Juni. Una huruma.

Viatu vimekwisha. Chakula hakipiti sana, hata uji, lakini usihuzunike, sioni njaa. Wifi yako hulia jikoni akidhani mimi kiziwi.

Ukizaa salama, hilo linanitosha.

Shangazi yako


Yantai, 14 Aprili 1985

Shangazi,

Leo sina salamu. Nisamehe au usinisamehe.

Mtoto hayupo. Alitoka mwishoni mwa Januari, mimba ikiwa na miezi mitano. Hapakuwa na mafua. Nilikuwa nafua shuka, maumivu yakaja, wanawake wa baraza wakanibeba, na mpaka Shuhai anaitwa kutoka kiwandani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Alikuwa wa kike. Alikuwa na kucha. Shuhai alimfunga kwenye taulo akaondoka naye, na hajaniambia alimpeleka wapi, na mimi sijaweza kumwuliza. Kwenye kiti hatupandi tena. Anarudi na harufu ile ile ya sukari nami nageukia ukutani, naye anadhani namchukia. Simchukii. Nashindwa tu.

Barua ya Machi niliiandika nimelala, damu ikiwa haijakauka. Shuhai alisema usiambiwe. Kaka akasema usiambiwe. Shangazi, alisema, ana hofu yake, msimwongezee. Nikakubali, nikakuandikia kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Nilitaka kukuandikia njoo. Nilitaka hivyo kwa kila mstari.

Ndiyo maana sikumtaja mtoto. Hapakuwa na mtoto wa kumtaja. Na wewe ukalichukua hata hilo ukaliweka juu ya kaburi lako. Uliposema nina huruma, niliichana barua yako, halafu nikaokota vipande.

Nimekukasirikia. Sijawahi kukukasirikia tangu nizaliwe, na sasa sijui nikuvumilieje. Wewe una tumbo lililochubuka. Umelala kitandani pa joto, unakataa uji, unatengeneza kifo kutokana na neno la kijana asiyetujua, na watu wazima wawili wanakuzunguka wakilia jikoni. Mimi huku nina majirani wanaoniambia nitazaa mwingine. Mama yangu wa kwanza alikufa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Wewe unakufa kwa ubishi.

Ukitaka kufa, kufa. Lakini usinitumie viatu.

Shuhai amesoma mistari hii ya mwisho, akaniomba niifute. Ameniambia, "Huyo ni mtu mzima, Gailian, utajuta." Siifuti. Naenda posta mwenyewe ili asiifungue.

Gailian


Liujiagou, 2 Mei 1985

Gailian mwanangu, mwanangu,

Kwanza mwili wako. Najua miezi imepita, lakini najua pia hakuna aliyekutunza. Usiguse maji ya baridi, hata ya kunawia. Usile pea, wala kaa, wala chochote kilichotoka baharini siku hiyo hata wakikuambia ni kitamu. Siki yako iache mpaka nikuambie. Usikae mlangoni kwenye upepo. Usiwajibu hao wanaosema utazaa mwingine. Ukimwona Shuhai anakuja, usigeukie ukuta kila siku. Siku moja moja mgeukie yeye.

Tiesuo na mkewe wazima. Nimewaambia habari yako nikiwa nimesimama, na Tiesuo ameketi chini kwenye kizingiti kama mtoto. Alijua, lakini hakujua kwamba mtoto alikuwa na kucha.

Sasa sikiliza, kwa sababu lazima ulijue hili kabla hujaniona.

Barua yako niliisomea mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo. Niliisoma yote. Nilisoma kwamba alikuwa wa kike. Nilisoma juu ya taulo. Nikafika pale ulipoandika nikitaka kufa nife. Nikarudi nikapasoma tena. Nikawaza: hakuna mtu wa kwetu anayeweza kumwandikia hivi mtu anayekufa. Mama yako tulimficha ng'ombe. Huyu ameniletea mzigo kama huu na bado akanitukana. Basi mimi si wa kufa. Wanasema kweli, tumbo limechubuka.

Na nikacheka, Gailian. Kwa sauti. Wifi yako alinisikia, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akadhani nimepata habari njema. Nikamwambia nina njaa. Akanipa uji nikaumaliza, nikaomba mwingine. Nilipokuwa nausubiri huo wa pili ndipo nilipokumbuka nilichosoma. Kilio kilikuja hapo, na hakijaisha mpaka leo, lakini hakikutangulia. Nilikuwa nimeshajua kwamba binti yako amekufa, na kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu kilikuwa furaha.

Sikutaka ulisikie kwa wifi yako. Na uso kwa uso nisingeweza kulisema, ningekudanganya. Mimi ninajua kudanganya.

Nimechukua tiketi. Tiesuo atanifikisha mpaka treni kubwa, baada ya hapo nitakuja peke yangu, nitafika Yantai asubuhi ya tarehe kumi na tano. Kama unataka niwe huko, mtume Shuhai stesheni. Nimeiangalia picha sana, nitamjua. Kama hutaki, asije. Nitakaa pale pale kwenye benchi mpaka treni ya kurudi, wala sitakuuliza kamwe kwa nini.

Shangazi yako